Gereza, Ngome na Boma: Safari ya Neno Moja katika Miji ya Kale ya Pwani

Mtu asafiriye katika pwani yetu kwa ajili ya kutazama majengo ya kale aghalabu huyatazama kwa macho peke yake. Hupima unene wa kuta, huhesabu mizinga, husoma tarehe iliyochongwa juu ya mlango, kisha huenda zake. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba jengo la kale lina kitu kingine kinachostahili kuchunguzwa, nacho ni jina lake. Jiwe huanguka, chokaa hubanduka, na bahari hula msingi. Lakini jina hubaki vinywani mwa watu, nao hulitumia kila siku pasipo kukumbuka limetoka wapi.

Jina nitakalolifuata ni gereza. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo, katika maktaba iliyokuwa mbali sana na bahari hii, nilijifunza kama walivyojifunza wengine kwamba neno hili asili yake ni Kireno, igreja, maana yake kanisa. Niliporudi nikawafundisha wanafunzi wangu habari hiyo kwa miaka mingi, kwa muhtasari wa maneno matatu: kanisa, ngome, kifungo. Siku moja mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyeligeuza kanisa kuwa kifungo?" Nikamjibu upesi kwamba ni Wareno, nikaendelea na somo. Jibu lile lilinisumbua baadaye, kwa kuwa nilikuwa nimelitoa bila kulichunguza. Basi nilipopata nafasi nilifanya safari ya kwenda Kilwa, Mombasa na Unguja, miji mitatu ambayo kila mmoja una jengo linalohusiana na neno hili, ili nilipime jibu langu mbele ya majengo yenyewe.

Kabla ya kuondoka, yafaa tulitazame umbo la neno. Kireno husema igreja, na ile j ya Kireno ni sauti ambayo Kiswahili hakikuwa nayo. Masikio ya Waswahili yaliikaribia kwa z. Irabu ya mwanzo, kwa kuwa haina mkazo, ilianguka. Tena Kiswahili cha zamani hakikupenda konsonanti mbili kama gr zifuatane bila irabu katikati. Kwa hiyo irabu ikaingizwa, nayo ikafanana na ile inayofuata: gre ikawa gere. Jambo hili si la neno hili peke yake. Tazama foronya, mfuko wa mto wa kulalia, ambalo kwa Kireno ni fronha: fro imekuwa foro kwa kanuni ile ile. Na ile nh ya Kireno imekuwa ny, kama ilivyokuwa katika mvinyo, kutoka vinho. Kwa hiyo kwa upande wa sauti, safari ya kutoka igreja hadi gereza ni safari iliyonyooka, wala haina kigugumizi.

Maneno mengine yaliyotoka kwa Wareno msomaji ayajua: meza, leso, bendera, kasha, karata, padri. Mengi ni majina ya vitu vilivyoshuka kutoka merikebuni na kuingia nyumbani, navyo vikabaki na maana zao. Meza ya Mreno ni meza yetu, na bendera yake ni bendera yetu. Gereza peke yake lilipoteza maana yake ya kwanza kabisa. Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Padri alibaki padri, bali nyumba yake haikubaki na jina lake. Sababu moja ni kwamba Kiswahili kilichukua kutoka Kiarabu neno kanisa, na neno hilo ndilo lililoshika mahali pa nyumba ya ibada ya Wakristo. Igreja likakosa kazi katika dini, likawa huru kutafuta kazi nyingine.

Nilianza na Kilwa Kisiwani. Kutoka Kilwa Masoko mtu huvuka kwa mashua, na jengo la kwanza kumlaki ukingoni mwa maji ni hilo liitwalo Gereza. Nahodha wetu, kijana wa hapo hapo, aliniuliza tulipokaribia, "Mzee, mbona jumba hili twaliita gereza, nasi hatujasikia mfungwa wake hata mmoja?" Nilicheka, kwa sababu alikuwa amelitaja swali langu kabla sijashuka.

Historia ya mahali pale yajulikana. Kilwa ilikuwa mji mkubwa wa biashara ya dhahabu, na Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331. Vasco da Gama alifika mwaka 1502 akamlazimisha mtawala wake kutoa kodi. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida akaja na merikebu zake, akauteka mji, akajenga ngome iliyopewa jina la Santiago. Hata hivyo Wareno hawakukaa. Mwaka 1512 waliiacha ngome ile wakaondoka. Ukilitazama Gereza leo, sehemu kubwa si kazi yao. Ni jengo lililojengwa upya na Waarabu wa Oman karibu na mwaka 1800, likazunguka mabaki ya kazi ya Wareno. Kuta za mawe ya matumbawe, minara pembeni na mlango wa mbao uliochongwa vyaonyesha mkono wa wajenzi wa bahari hii. Upande wa baharini umeliwa na mawimbi.

Hapa jibu langu la zamani lilianza kutikisika. Kama neno gereza lingekuwa jina la kazi za Wareno tu, lingeondoka pamoja nao mwaka 1512, ama lingebaki juu ya gofu lao. Lakini watu wa Kilwa waliliita Gereza jengo la Waomani, karibu karne tatu baada ya Wareno kuondoka kisiwani. Maana yake ni kwamba wakati huo neno lilikwisha kuwa mali ya Kiswahili, likimaanisha jengo lolote la mawe lenye askari ndani yake, awe mwenyewe Mreno ama Mwarabu. Kanisa lilikwisha sahauliwa.

Tena msafiri asiondoke Kilwa kabla ya kufika Husuni Kubwa, jumba lililojengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, lenye vyumba zaidi ya mia moja na birika la pembe nane. Husuni nalo ni neno lenye maana ya ngome, limetoka Kiarabu. Kwa hiyo katika kisiwa kimoja kidogo msafiri akutana na majina mawili ya ngome kutoka lugha mbili za ng'ambo. Husuni lilibaki kuwa jina la gofu, halikuenda mbali. Gereza liliingia katika maneno ya kila siku. Nadhani sababu ni kwamba husuni ilikuwa nyumba ya mfalme, na wafalme wa Kilwa walikwisha. Bali gereza lilikuwa nyumba ya askari, na askari hawakukoma kuja.

Jambo jingine lafaa likumbukwe hapo hapo. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Waomani walipokuja kuushika mji na kujenga Gereza, biashara hiyo ndiyo iliyokuwa utajiri wa mahali. Msafiri anayesimama chini ya mlango ule akiusifu uzuri wa nakshi, na aikumbuke biashara hiyo pia.

Kutoka Kilwa nilikwenda Mombasa. Mji huu ulichomwa na Wareno mara kwa mara: mwaka 1505, mwaka 1528 na mwaka 1589. Kisha mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili, aliyetawala Hispania na Ureno pamoja, na kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Kazi kubwa ilikwisha mwaka 1596. Jengo limepangwa kwa namna ambayo mtu akiitazama ramani yake huona kama mtu aliyelala chali, kichwa chake kikielekea baharini.

Ndani ya ngome ile palikuwa na kanisa, na misingi yake huonekana mpaka leo katika uwanja wa ndani. Jambo hili ni la maana sana kwetu. Mswahili aliyesimama nje ya kuta zile hakuiona altare, wala hakuingia kusali. Alisikia kengele na neno igreja likitajwa na wale wakaao ndani. Aliyaona mawe, mizinga na lango. Kwake yeye, kile kitu kikubwa chenye kengele ndicho igreja. Mreno alilitaja kanisa lililo ndani ya ngome, na Mswahili akalisikia kuwa jina la ngome yote. Naona hii ndiyo hatua ya kwanza ya mabadiliko ya maana, nayo haikufanywa na mtawala. Ilifanywa na sikio la mtu aliyekuwa nje ya ukuta.

Kuta zile zimeona mambo makubwa. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mtawala wa Mombasa, alichukuliwa Goa akalelewa na mapadri wa Kiaugustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, kisha akarudishwa awe mfalme. Mwezi Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni wa Kireno, akarudi katika Uislamu. Wareno waliirudia ngome mwaka uliofuata, baada ya yeye kuiacha na kwenda baharini, na mwandiko wa Kireno wa mwaka 1635 ulio juu ya lango wahusu matengenezo yaliyofuata. Mwezi Machi 1696 majeshi ya Oman yakaizingira, na mazingira yale yakadumu miezi thelathini na mitatu, hata Desemba 1698. Msomaji asidhani kwamba ndani walikuwa Wareno peke yao; maradhi yalipowamaliza askari, watu wa Faza waliokuwa upande wao ndio walioilinda ngome kwa muda. Katika vita vile Waswahili walikuwako ndani ya kuta na nje ya kuta.

Wareno walirudi kwa muda mfupi katika miaka ya 1728 na 1729, kisha wakaondoka moja kwa moja. Wakafuata Mazrui, na mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan wa Unguja akaishika ngome. Mwaka 1895 Waingereza wakaifanya kuwa kifungo cha serikali, ikabaki hivyo hata mwaka 1958. Ndipo wafungwa walipohamishwa, jengo likachimbuliwa na kutengenezwa kwa msaada wa Mfuko wa Gulbenkian wa Ureno, likawa makumbusho. Mwaka 2011 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Laiti ningeishia Mombasa, ningeliweza kuandika kwamba maana ya kifungo ililetwa na Waingereza mwaka 1895. Lakini haiwezekani. Wazungu waliokusanya maneno ya Kiswahili katika karne ya 19, kabla ya mwaka huo, walilikuta gereza lina maana mbili pamoja: ngome, na mahali pa kufungia watu. Mwingereza alilikuta neno liko tayari. Alilotia ni wafungwa tu. Yeye mwenyewe alituachia neno lake, jela, ambalo hata leo lapigana na gereza na halijalishinda. Na ni ajabu kwamba wenyeji wa Mvita, ambao ngome yao ilikuwa kifungo cha kweli kwa zaidi ya miaka sitini, mtaa ulio kando yake wameuita Ngomeni.

Basi nikavuka kwenda Unguja. Msafiri ashukaye bandarini na kutembea kuelekea Forodhani huikuta Ngome Kongwe kando ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na ambalo upande wake mmoja uliporomoka mwezi Desemba 2020. Ngome yenyewe ni ya zamani kuliko jumba hilo. Waomani waliijenga baada ya kuwashinda Wareno mwaka 1698, nao waliijenga mahali palipokuwa na kanisa dogo la Kireno. Sehemu ya ukuta wa kanisa ikaingizwa katika ukuta wa ngome. Katika karne ya 19 ngome ilitumika kuwa kifungo, na mahali pa kutolea adhabu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana ya reli ya Bububu. Mwaka 1949 ikageuzwa kuwa mahali pa wanawake kucheza tenisi, na siku hizi ni mahali pa ngoma, muziki, maonyesho ya filamu na maduka ya kazi za mikono.

Msomaji aona kwamba hapa, katika kiwanja kimoja, zimo hatua zote tatu za neno letu: kanisa, kisha ngome, kisha kifungo. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani karibu na pale aliniambia, "Sisi wazee wetu walituambia Gerezani. Hili la Ngome Kongwe limekuja na wageni." Nilimwuliza kama ajua kwamba gereza maana yake ilikuwa kanisa. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, aliyefungwa humo hakuuliza."

Maneno yale ndiyo yaliyonirudisha kwa mwanafunzi wangu. Jibu nililompa lilikuwa pungufu. Wareno walileta neno na kanisa. Waswahili, kwa masikio yao, waliligeuza kuwa ngome. Na maana ya kifungo ilikomaa katika siku za watawala waliokuja baada ya Wareno, yaani Waomani na masultani wa Unguja, ambao baadhi yetu twawahesabu kuwa ndugu, mashemeji na wazee wetu. Sisemi kwamba Mreno hakumfunga mtu. Nasema kwamba lugha haikutoa ushahidi dhidi yake peke yake. Ni rahisi kumtwika mgeni aliyeondoka zamani mzigo wote, maana hayupo kujibu. Lakini mwalimu wa lugha akifanya hivyo, anawafundisha wanafunzi wake kusikia nusu ya neno.

Hadithi hii haikwisha kwa gereza. Wajerumani walipoitwaa bara na pwani ya Tanganyika, hawakutafuta neno la Kireno wala la Kiarabu. Walichukua neno boma, ambalo asili yake ni ua, yaani wigo wa miti ama miiba wa kulinda mji au ng'ombe, wakalitia juu ya nyumba zao za utawala. Boma la Mikindani lilijengwa mwaka 1895, nalo siku hizi limetengenezwa likawa hoteli. Boma la Bagamoyo lilijengwa mwaka 1897, miaka sita baada ya makao makuu ya utawala kuhamishwa Dar es Salaam. Waingereza wakalirithi neno hilo, na mwananchi aliyeitwa kulipa kodi aliambiwa aende bomani. Ua uliokuwa ukiwalinda watu ukawa nyumba ya kuwahesabu watu.

Tukiyaweka maneno haya pamoja, twaona jambo la sarufi lenye maana kubwa. Kila moja limepokea kiambishi cha mahali -ni na kuwa jina la mahali penyewe: Ngomeni, Bomani, Gerezani. Dar es Salaam kuna mtaa mzima uitwao Gerezani, na watu huishi humo, huoa, huzaa na kufanya biashara bila kujisikia wamefungwa. Hivyo ndivyo lugha inavyofanya kazi. Mtawala hujenga ukuta, na msemaji huongeza silabi moja, mahali pakawa pake. Ila kuna hatari. Neno likizoeleka mno, kumbukumbu iliyo ndani yake huzama.

Kwa ajili hiyo nina ombi dogo kwa wale wanaoyatunza majengo haya na kuandika vibao vya kuwaongoza wageni. Jina Ngome ni zuri, lina heshima, nalo lavutia wasafiri. Lakini pale ambapo wenyeji walisema Gereza, na liandikwe Gereza kando ya Ngome, pamoja na habari fupi ya kwa nini. Ngome ni jina la aliyekuwa juu ya ukuta akiangalia baharini. Gereza ni jina la aliyekuwa chini, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Tukiandika la kwanza peke yake, tutakuwa tumemkaribisha mgeni nyumbani kwa mwenye mzinga, tukamficha aliyekuwa amefungwa.

Na kwa wasomaji wa jarida hili, hasa wakaao Lamu, Pate, Pemba, Lindi na Mikindani, naomba jambo jingine. Wazee wa huko wayaite kwa majina gani majengo ya mawe yaliyoachwa na watawala mbalimbali? Je, pako mahali ambapo gereza bado lina maana ya ngome tu, bila ya kifungo? Majina ya namna hiyo hayaandikwi popote, nayo hufa pamoja na wenyewe. Mimi mwanafunzi yule nimekwisha mwandikia, nikamweleza kwamba nilimjibu kwa haraka. Alinijibu kwa sentensi moja, kwamba sasa kila asikiapo habari za Jeshi la Magereza katika redio, husikiliza kama kengele bado yalia.